Shemeji na Lifti: Wiki ya Likizo Kwenye Milima Midogo ya Maine

Ijumaa jioni, Auburn

Lost Valley, sehemu ya kuteleza kwenye theluji mjini Auburn, jimbo la Maine, Marekani, inainuka mita 73 tu kutoka maegesho ya magari hadi juu. Mtu aliyekulia Lushoto kama mimi akiiita tuta hatakosea. Safari yetu inaanzia hapa kwa sababu hapa ndipo watoto wetu wanapojifunzia skii, yaani kuteleza kwa mbao ndefu miguuni. Taa zikishawashwa jioni, kwenye foleni ya lifti, mtambo wa kebo unaopandisha watu mteremkoni, utasikia Kiingereza, Kisomali, Kireno cha Luanda, na Kiswahili cha Bukavu na cha Kigoma. Lewiston na Auburn zina watu wengi waliotoka huko, na mtoto akishavaa helmeti na miwani hujui tena ni wa nani mpaka afungue mdomo.

Tuko watatu. Kijana wangu wa darasa la saba anataka kuteleza tu, asubuhi hadi usiku. Mimi nataka kwenda mji mmoja baada ya mwingine hadi mpaka wa Kanada, wiki hii ya Februari ambayo shule za Maine zimefungwa. Shemeji, kaka wa mke wangu, ni fundi mitambo kutoka Bukavu, siku hizi yuko Portland. Yeye anataka kutazama lifti. Simzushii. Alisimama chini ya gurudumu kubwa linalozungusha kebo, akamhoji mwendeshaji kuhusu mota, breki na grisi mpaka foleni ikaanza kunung'unika.

Sehemu hii ilifunguliwa mwaka 1961 na Otto Wallingford, mkulima wa matufaha. Huku chini baridi haiaminiki. Theluji ya leo mvua ya kesho inaisomba. Wallingford alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo Maine kutengeneza theluji kwa mashine, na alibuni chombo cha kukokota mteremkoni ili barafu iliyoganda isagike iwe unga tena. Usiku huu mizinga ya theluji inanguruma pembeni. Maji na hewa iliyoshindiliwa hurushwa pamoja, matone yanaganda yakiwa bado hewani, mradi baridi imeshuka kiasi cha nyuzi mbili chini ya sifuri na hewa ni kavu. Chini yake ukipita unatoka umechapwa na punje usoni.

Julie Parisien alikulia mji huu na tuta hili ndilo lililomlea. Olimpiki ya 1992 kule Albertville alikosa shaba ya slalomu, mbio za kupinda kati ya vigingi, kwa sehemu tano za mia za sekunde. Kijana anaijua habari hiyo vizuri sana, na huitoa kila ninapomwambia muda umekwisha.

Jumamosi, Rumford

Kwa sehemu kubwa barabara inaufuata mto Androscoggin, huohuo unaopita kwetu Lewiston. Rumford unainusa kabla hujaiona. Kiwanda cha karatasi kimekaa katikati ya mji, mvuke mweupe unapanda moja kwa moja kwenye hewa iliyoganda, na ile harufu ya kupika mbao inaingia ndani ya gari hata vioo vikiwa vimefungwa. Edmund Muskie alizaliwa hapa, akawa seneta, na yeye ndiye aliyeibeba ile sheria ya maji safi ya 1972 katika Bunge la Marekani. Mto uliokuwa unatoa povu la viwanda siku hizi watu wanavulia samaki.

Black Mountain ina kimo cha mita 420 kutoka chini hadi juu, yaani karibu mara sita ya Lost Valley, na bado kwa hesabu za Maine ni ya wastani. Mji wenyewe ni wa skii ya nyanda, ile ya kukimbia kwa miguu na fimbo. Chummy Broomhall, mtu wa huku, alishiriki Olimpiki za 1948 na 1952, kisha akapewa kazi ya kuandaa njia za mbio kwenye Olimpiki mbili zilizofanyika Marekani, 1960 na 1980. Jina lake utalisikia hata kwa wanaouza maharage ya nyama jikoni.

Jambo lililonivutia zaidi ni ndani ya jengo la chini ya mlima. Ukutani kuna safu ya vyungu vya umeme vimechomekwa, kila familia na chake. Supu, maharage, nyama ya paa. Watu wanaacha mikoba mezani na kwenda kuteleza saa tatu bila kuangalia nyuma. Kwenye milima mikubwa ya Maine, ambako tiketi ya siku moja inapita dola 100, mfuko wa chakula kutoka nyumbani unatazamwa vibaya. Hapa ukija bila chungu ndipo wanakutazama.

Sababu yake ni hii. Mlima ulikuwa chini ya Maine Winter Sports Center, asasi iliyoufadhili kwa miaka mingi. Mwaka 2013 asasi ikatangaza kwamba inaacha kuuendesha, na ilionekana wazi kwamba lifti zitasimama. Watu wa mji wakachanga. Wengine walitoa fedha, wengine walipanda na misumeno vuli ilipofika wakasafisha msitu kati ya njia rasmi ili watu wapate kupita katikati ya miti. Ukikata mti mwenyewe, huwezi kuuacha mlima ukafungwa kimyakimya.

Shemeji alifunga skii kwa mara ya kwanza leo, kwenye mteremko wa wanaoanza. Kijana alikuwa mwalimu wake.

"Mjomba, pinda magoti."

"Nimepinda."

"Hayo siyo magoti, hicho ni kiuno."

Hakuanguka sana. Mtu wa mitambo anaelewa upesi mzigo unakaa wapi.

Jumapili, Farmington

Titcomb ni kilima cha klabu, wanachama ndio wafagiaji, ndio waokoaji, ndio wakata tiketi. Hakuna lifti ya viti. Unaburutwa na fimbo yenye umbo la herufi T iliyopinduliwa, watu wawili kila fimbo, ikiwa imeegemea chini ya makalio. Sharti moja: usikae. Ukikaa umeanguka, na ukianguka umemwangusha mwenzako. Shemeji alikaa. Mwenzake alikuwa mama mmoja wa makamo aliyevaa koti la manjano, nao wakabaki chali theluji ikiwaingia shingoni, wakicheka, huku fimbo tupu zikipita juu yao.

Farmington ndiko Chester Greenwood alikobuni viziba masikio mwaka 1873, akiwa na miaka 15. Alikuwa akiteleza kwenye barafu masikio yakamuuma, akapinda waya, bibi yake akashonea manyoya. Mji ukawa unaviuza dunia nzima. Leo kulikuwa na nyuzi 17 chini ya sifuri na upepo, na nilimwombea dua yule mtoto.

Jumatatu, Rangeley

Saddleback ni kubwa kuliko zote tutakazoona: kimo cha mita 600 hivi, kilele kipo juu ya mstari wa miti, na njia ya miguu ya Appalachian inakipita. Nimeiweka kwenye safari kwa sababu ya lifti yake.

Mwaka 2015 waliokuwa wanaumiliki mlima walisema wazi: lifti kuu, kuukuu, ya viti vya watu wawili wawili, haifai tena, na bila mkopo wa kununua nyingine mlima haufunguliwi. Mkopo haukupatikana. Mlima ukakaa majira matano ya baridi bila kuzungusha kiti hata kimoja. Rangeley ni mji mdogo kando ya ziwa. Majira ya joto wana wavuvi, lakini Januari na Februari chakula chao kilitoka mlimani. Desemba 2020, katikati ya korona, ukafunguliwa tena na mfuko wa uwekezaji uitwao Arctaris, na kitu cha kwanza kilichosimikwa kilikuwa lifti mpya ya viti vya watu wanne.

Hapo Shemeji alipata darasa lake, na akatupa na sisi bure. Kwenye lifti za zamani kiti kimebanwa kwenye kebo moja kwa moja. Mwendo wa kebo ndio mwendo wa kiti, kwa hiyo lazima wote waende polepole ili mtoto wa miaka mitano aweze kukaa. Kwenye hii mpya, kiti kinapofika kituoni kibanio kinafunguka, kinahamia kwenye reli yake kinatembea taratibu, ukishakaa kinarudi kuibana kebo inayokwenda kasi. Alituonyesha kwa mikono, glavu moja ikiwa kebo na nyingine ikiwa kiti. "Kila kibanio kinafunguka na kufunga maelfu ya mara kwa mwaka, shemeji. Kimoja kikichoka, ni hatari mingi." Nilikuwa nimekaa juu ya kibanio kimojawapo wakati huo, mita nyingi kutoka ardhini, na sikuona kwa nini habari hiyo isingeweza kungoja tushuke.

Theluji ilikuwa nzuri kupindukia. Tumeteleza hadi miguu ikagoma, na kijana akatamka kwamba hapa angeweza kuhamia. Mimi pia nilifurahi, ila chakula kilikuwa cha kununua na hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi.

Jumanne, Greenville

Tumeendesha asubuhi yote katikati ya misonobari na magari ya magogo mpaka ziwa Moosehead lilipotokea, jeupe, pana, kubwa kuliko yote ya Maine. Watu wameegesha magari juu ya barafu na kujenga vibanda vya kuvulia samaki. Shemeji alikataa katakata tuliingize gari huko, ingawa barafu ingebeba lori.

Mlima unaitwa Big Moose. Kwenye bango la zamani ungekuta jina jingine, neno ambalo Wenyeji wa Amerika wanalihesabu kuwa tusi kwa wanawake wao. Bunge la Maine lililiondoa kwenye majina ya mahali mwaka 2000, lakini sehemu ya skii na baadhi ya wazee waliendelea nalo kwa muda mrefu.

Mlima ulifunguliwa mwaka 1963. Kwa kipindi fulani uliwahi kuwa mali ya jimbo, kisha ukauzwa kwa watu binafsi. Mwaka 2004 lifti ya juu ilipata ajali iliyojeruhi watu, na tangu hapo haijawahi kubeba mtu. Nguzo zipo bado. Ukisimama chini unaziona zinapanda hadi kileleni, na njia zilizokuwa zinashuka kutoka huko zimeota miti midogo. Pembeni kuna hoteli ya mlimani, ndefu, madirisha yametazama ziwa, na imeachwa.

Halafu chini ya hayo yote kuna lifti ndogo inayozunguka. Kikundi cha watu wa mji kilichoundwa kwa ajili hiyo ndicho kilichoanza kuiendesha mwaka 2013, kwa kujitolea na kwa michango, sehemu ya chini ya mlima peke yake. Tiketi ni nafuu kiasi kwamba nilimwuliza binti wa dirishani mara mbili. Mzee mmoja aliyekuwa anaweka mkeka wa mpira pale watu wanapokaa kwenye viti alituambia yeye ni mwalimu mstaafu. Mkewe yuko jikoni. Mjukuu wake amejiunga na waokoaji. Nikamwuliza kuhusu lifti ya juu. Akaitazama, akasema tu kwamba kutoka kule unaona Katahdin, mlima mrefu kuliko yote ya Maine.

Nimeona watu wengi wakisikitikia milima midogo kwa ajili ya hali ya hewa, na ni kweli, joto linaongezeka na theluji inapungua. Ila kwa niliyoyaona wiki hii, kinachoua mlima mapema ni kebo, mota na sanduku la gia. Theluji ikikosekana mwaka huu, mwakani huenda ikaja. Lifti ikishindwa ukaguzi, inadai fedha ambazo mji wa watu elfu moja na mia kadhaa hauna. Shemeji hakusema neno. Alizunguka kila nguzo ya ile lifti ya chini aliyoruhusiwa kuifikia, akarudi na uso wa daktari aliyeridhika. "Wanaitunza," akasema. Kwake hakuna sifa inayozidi hiyo.

Kijana aliteleza peke yake alasiri yote. Mara nyingine alikuwa mtu pekee kwenye mteremko mzima, ziwa lote liko chini yake. Niliwaza wazazi wanaolipa mamia ya dola wakapange foleni.

Jumatano, Mars Hill

Barabara kuu ya I-95 inaishia Houlton, mpakani. Kutoka hapo kwenda kaskazini kuna mfumo mzima wa jua kando ya barabara: Pluto iko Houlton, jua liko chuoni Presque Isle, na sayari zimesimikwa kwenye vigingi katikati, maili moja ya barabara ikiwakilisha umbali wa dunia hadi jua. Walimu na wanafunzi wa huku waliujenga, ukazinduliwa mwaka 2003. Kijana alihesabu. Shemeji alikagua vigingi.

Wilaya ya Aroostook ni mashamba ya viazi. Yamefunikwa yote, meupe hadi upeo, na katikati unainuka mlima mmoja mrefu kama ukuta, wenye mitambo ya upepo 28 juu ya mgongo. Hiyo ndiyo Mars Hill, na sehemu ya skii, Bigrock, iko upande wa magharibi. Mitambo ilikamilika 2007, na ulikuwa mradi mkubwa wa kwanza wa umeme wa upepo New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani. Unapanda lifti ya viti, polepole, mapanga yanakata hewa kwa sauti nzito juu ya kichwa chako, na ukifika unaona Kanada upande mmoja na Katahdin upande mwingine. Wengine wanailaani mitambo hiyo kwa kuharibu mandhari. Mimi niliipenda.

Bigrock nayo ilikuwa chini ya ile asasi iliyoacha Rumford, nayo imebaki mali ya watu, haiendeshwi kwa faida. Huku wakulima ndio uti wa mgongo. Baadhi ya shule za wilaya bado zinafungwa wakati wa mavuno ili watoto wakavune viazi, na mwendeshaji wa lifti, kijana wa miaka kama kumi na tisa hivi, alisema ameendesha mashine ya kuvunia kabla hajapata leseni ya gari. Shemeji akampa mkono.

Alhamisi

Upepo mkali, lifti za karibu zote zimefungwa. Tumekwenda New Sweden kutazama makaburi na kanisa. Wasweden hamsini hivi walifika hapa Julai 1870, wakakuta msitu mtupu, na baridi ilipoingia wakachonga mbao ndefu za kutembelea juu ya theluji kama walivyozoea kwao. Skii ya Maine ilianzia hapo, kama chombo cha kwendea dukani na kanisani. Mengine ya leo ni kulala na kukausha soksi.

Ijumaa, Fort Kent

Nyuzi 24 chini ya sifuri alfajiri. Gari liliwaka baada ya kubembelezwa.

Fort Kent ni mwisho wa barabara namba 1 inayoanzia Key West, Florida. Ng'ambo ya mto St. John ni New Brunswick, Kanada. Mji huu mdogo umewahi kupokea Kombe la Dunia la biathloni, mbio za skii na kulenga shabaha kwa bunduki, mwaka 2004 na 2011, na wiki hii kila ukuta una bango la mbio za mbwa za Can-Am zinazokaribia. Lakini mteremko wa watoto wake ni Lonesome Pine Trails, uko mjini kabisa, kimo cha mita 150 hivi, lifti ya kuburuta, taa, na jengo linalonuka kahawa na soksi mbichi. Nao pia ni mali ya wenyeji.

Hapa Shemeji aliacha kuwa mgeni. Mzee aliyekuwa kwenye kibanda cha lifti alizungumza na mwenzake Kifaransa, cha Waakadia, wazao wa walowezi Wafaransa, wa bonde hili, chenye maneno ya mababu. Shemeji akageuka kwa haraka, akaamkia. Yule mzee akabaki mdomo wazi, halafu wakaanza. Alisema alipokuwa mdogo walikuwa wakiadhibiwa shuleni kwa kusema lugha ya nyumbani. Sheria ya jimbo ya 1919 ilikuwa imepiga marufuku kufundishia Kifaransa, na ilidumu karibu miaka 50. Shemeji naye akamsimulia jinsi yeye alivyokipata Kifaransa, kwa fimbo pia, ila kwa sababu iliyo kinyume. Walicheka mpaka mzee akakaribia kusahau kusimamisha lifti mtoto alipoanguka.

Mchana walituletea *ployes*, chapati laini za unga wa bakwiti, zinapikwa upande mmoja tu na juu zimejaa matundu. Chila za Tanga kabisa, ila hazina nazi wala sukari. Tulizila na siagi, halafu na kuku wa mchuzi, halafu na siagi tena.

Jioni Shemeji alipanda hadi juu kwa fimbo ya T, bila kukaa, na akashuka kwa zigizaga pana iliyochukua upana wote wa mteremko, kijana akiwa nyuma yake anapiga kelele za maelekezo. Mimi nilikuwa chini nazungumza na mzee wa kibanda. Alisema sanduku la gia linawasumbua, na vuli wana siku ya kazi, kila mwenye mikono anakaribishwa. Shemeji alipofika, hata kabla hajavua skii, akauliza wanatumia mafuta gani. Mzee akataja. Shemeji akatikisa kichwa, akasema kwa baridi hii hayo ni mazito mno. Mzee akasema ndiyo yametumika miaka yote. Nusu saa baadaye walikuwa bado wanabishana, kifuniko cha kibanda kikiwa wazi na tochi mkononi mwa kijana wangu, na mimi nikaenda kupasha gari moto. Kesho tuna karibu kilomita 500 hadi nyumbani.